Jumanne ya kusikiliza mioyo: siku moja kazini Lamu

Saa kumi na mbili unusu asubuhi. Jumanne ndiyo kliniki ya presha na moyo, kwa hiyo natoka Langoni mapema kabla foleni haijafika barabarani. Mimi ni afisa wa kliniki; mtaani naitwa daktari na nimechoka kusahihisha. Mkobani mna mahamri, chupa ya maji na stetoskopu. Wageni hudhani Lamu kuna utulivu kwa sababu hatuna magari. Na waje wapite Usita wa Mui saa hizi, punda wa mawe na mchanga wakipigana vikumbo na wauza samaki, halafu washuke ufukoni kwenye injini za boti za Mokowe. Anayelipwa kwa masikio yake hana mapenzi na kelele za namna hii.

Saa mbili. Presha kwanza. Nesi anafunga mkono, mimi nasikiliza, tunaandika, mwingine. Ami mmoja ambaye hakosi kliniki ananiuliza, kama kawaida yake, kama moyo wake unasikika vizuri pale mkononi.

"Hapana ami, huo si moyo. Mfuko huu umeubana mshipa wako, na damu ikipenya kwa kishindo ndiyo inayogonga. Nikiachia hewa yote, mkono utanyamaza na moyo utaendelea na kazi yake."

Milio hiyo ya kiwikoni alieleza daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, na bado wengi wanaichanganya na mapigo ya moyo wenyewe. Ami hakuridhika. Alitaka nisikilize kifuani pia, nikasikiliza. Hilo nalo ni haki yake.

Saa nne kasorobo. Leo nina mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, kijana mwenye masikio mazuri na haraka nyingi. Anasikia lab, dap, lab, dap, lakini hajui ipi imetangulia. Namwambia aweke vidole viwili kwenye mshipa wa shingo ya mgonjwa: mlio unaokuja pamoja na pigo la shingoni ndio wa kwanza. Akishaupata, mambo mengine yote yanapangika.

Moyo una vyumba vinne na vali nne, yaani milango ya kupitishia damu upande mmoja tu. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna mitrali upande wa kushoto, yenye vipande viwili vya ngozi laini, na trikaspidi upande wa kulia, yenye vitatu. Nyingine mbili zinakaa pale mishipa mikubwa inapoanzia: ya aota na ya ateri ya mapafu. Hakuna msuli unaozivuta zifunguke au zifunge. Shinikizo la damu ndilo linaloamua. Upande wenye nguvu zaidi ndio unaosukuma.

Vyumba vya chini vikianza kujikaza, damu inataka kurudi ilikotoka, na mitrali na trikaspidi zinafunga: lab. Damu inatoka kwenda mwilini na mapafuni. Msuli ukilegea, ile iliyokwisha kutoka inataka kurudi ndani, na vali za aota na ya mapafu zinafunga: dap, fupi na kali zaidi.

"Kwa hiyo ni vile vipande vinagongana," anasema mwanafunzi.

Sivyo hasa. Damu iliyokuwa mbioni imezuiliwa ghafla, basi vali, kuta za moyo na damu yenyewe zinatikisika, na mtikisiko huo ndio unaofika sikioni. Ndiyo maana pia hatusikilizi juu ya vali yenyewe bali mahali sauti inakopelekwa na damu. Ya aota tunaitafuta kulia kwa mfupa wa kidari, chini ya ubavu wa pili. Mitrali huko chini karibu na chuchu ya kushoto, chini ya ubavu wa tano.

Nikamsogeza kushoto kwa kidari, usawa uleule wa ubavu wa pili. "Mwambie avute pumzi taratibu." Akasikiliza, akakunja uso, halafu akanitazama. Dap ilikuwa imepasuka mara mbili: da-dap. Pumzi ikiingia, damu nyingi zaidi hurudi upande wa kulia wa moyo, na vali ya mapafu huchelewa kidogo kufunga. Pumzi ikitoka, milio inaungana tena. Nimemwona mtu mzima akifurahia jambo hili kupita chakula, na sitasema ni nani.

Lakini ninachotaka ajifunze zaidi ni vipindi vya kimya. Vali nzima ikifunguka haisemi neno. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika una kimya kifupi kati ya lab na dap, na kirefu kati ya dap na lab inayofuata. Katika kile kirefu ndimo moyo unamojaza damu. Ukisikia mvumo katika kimojawapo, ujue damu inapita kwa kasi au msukosuko usio wa kawaida: pengine njia ni nyembamba, pengine kuna inayorudi nyuma. Lab na dap zinaniambia hasa saa. Ugonjwa wa vali naukuta zaidi katikati yake.

Saa tano. Mama amemleta mwanawe wa miaka sita. Kuna mahali aliambiwa mtoto ana "tundu la moyo", na tangu hapo hamruhusu kucheza mpira. Mtoto ana homa, na kweli kuna mvumo: laini, mfupi, baada ya lab. Akilala unasikika, akikaa unafifia. Anakua vizuri, anakimbia, midomo haina rangi ya buluu. Watoto wengi wazima wana mvumo wa namna hii, na homa huuongeza kwa sababu damu inakwenda mbio. Nimempa tarehe ya kurudi homa ikiisha, na ruhusa ya mpira. Mama alitaka ruhusa hiyo iandikwe. Nikaiandika.

Saa saba unusu. Swala, wali, na kurudi. Halafu mgonjwa aliyenishughulisha siku nzima.

Ni dada mwenye mimba ya miezi saba, kutoka upande wa Pate. "Moyo wanipapa nikipanda ngazi," anasema, na usiku huamka akikohoa, akaketi dirishani mpaka pumzi irudi. Nyumbani wamemwambia ni mimba tu. Huenda, lakini mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa ukijificha hauwezi tena.

Nesi alimfungulia buibui na kuweka stetoskopu mahali pake, mimi nikabaki na masikio upande wa pili wa mpira. Chombo chenyewe kilitokana na haya hizihizi: mwaka 1816 huko Paris, daktari Mfaransa Laennec aliona vibaya kuweka sikio kifuani pa msichana, akakunja karatasi kuwa bomba, akashangaa kwamba anasikia vizuri zaidi.

Nikazima feni. Nikafunga dirisha. Nje punda akaanza kulia, tukangoja amalize. Nikamwomba dada alalie ubavu wa kushoto, na nesi akageuza upande wa kengele, ule wa sauti nzito, maana kiwambo, upande wake bapa, huchuja sauti za chini. Lab yake ni kali mno. Baada ya dap kuna mlio mdogo mkavu ambao haufai kuwapo, vali ikifunguka kwa taabu, kisha mngurumo mzito wa chini katika kile kimya kirefu. Njia ya mitrali imekuwa nyembamba.

Nilimuuliza kuhusu utotoni. Koo lilikuwa likimuuma mara kwa mara, na mwaka mmoja magoti yalivimba moja baada ya jingine. Hapo ndipo ilipoanzia. Bakteria wa kooni, streptokoka, wakiachwa bila dawa, mwili huweza kukosea na kushambulia vali zake wenyewe, na kovu hukaza miaka mingi baadaye. Penisilini ya bei ndogo ingelizuia. Hili linaniudhi kila ninapokutana nalo.

Saa tisa. Nahodha mzee ametoka Mombasa na karatasi ya picha ya moyo, eko, na anataka aambiwe kwa lugha yake. Mvumo wake umejaza chote kile kimya kifupi, na unakwenda hadi kwapani. Nikamwambia vipande vya mitrali vimefungwa kwa nyuzi nyembamba kwenye misuli ya ndani ya moyo, zinazovizuia visipinduke chumba kinapojikaza. Moja imekatika.

Alifikiri kidogo. "Basi tanga ni zima. Ni demani iliyokatika, tanga lapiga-piga."

Ndivyo hasa, na nitaliiba neno hilo la kamba ya tanga. Akauliza kama demani hufungwa upya. Nikamwambia wapo madaktari wa upasuaji wanaotia nyuzi mpya, na kwamba wakati mwingine vali nzima hubadilishwa. Za chuma zina mlio wake, tk, tk, ambao mke anaweza kuusikia chumba kikiwa kimya, na mwenye nayo hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. "Mke wangu alalamika nikikoroma," akasema, "nitamwongezea na hilo?"

Saa kumi na moja jioni. Barua ya rufaa ya yule dada imekamilika. Nimeanza kumpa dawa ya kupunguza maji mapafuni. Ya kutuliza mapigo wataamua kule, baada ya picha. Moyo ukienda mbio, kile kimya kirefu ndicho kinachofupishwa zaidi, na njia nyembamba inahitaji muda wa kupitisha damu.

Mombasa wamepiga simu: aje kesho, kitanda kipo. Nikampigia mumewe. Aliuliza kama mkewe alale kwenye kiti cha nyuma cha gari baada ya kuvuka Mokowe, safari ni ndefu.

"Asilale, ndugu yangu. Aketi wima, na muweke mito mgongoni. Akianza kukohoa njiani msingoje kufika Mombasa, ingieni Malindi."

Akasema ataazima mito miwili kwa dada yake, na akaniomba nirudie jina la dawa polepole, aandike.