Hoteli ya vyumba tisa: jinsi sisi sita tulivyoifufua nyumba ya Malindi

Mwaka 2021, wakati hoteli nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilikuwa bado hazijarudiwa na wageni tangu korona, sisi watu sita tulikubaliana kuikodi na kuifufua nyumba moja ya ghorofa mbili katika mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, ambayo iligeuzwa hoteli katika miaka ya 1990 na ambayo kwa miaka minne ilikuwa haina mpangaji ila popo. Watatu kati yetu ni ndugu, mmoja ni mwalimu mstaafu wa skuli, mmoja anaishi Muscat, na mimi, kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, nilifanywa katibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya warithi 11, waliotawanyika Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Oman, na hapo ndipo miezi saba ya kwanza ilipokwenda. Kila mrithi ilibidi asaini mwenyewe au ampe mtu wakala wa maandishi, maana mkataba wa miaka 25 ukikosa saini moja ni kesi inayosubiri siku yake. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa Wete, ambaye hakuuliza kodi ni kiasi gani. "Mkishaifanya hoteli, wanangu, watu wataendelea kukaa barazani au mtawafukuza?" Tukaongeza kifungu kwamba baraza ya mbele itabaki wazi kwa majirani, akasaini siku ile ile.

Kampuni tuliisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali bila ya tabu kubwa. Mazungumzo marefu yalikuwa ya fedha, kwa sababu wenzetu wawili walikataa katakata mkopo wenye riba, na wengine tuliona wanatuchelewesha. Tulikubaliana kuchangia kwa hisa na kwa awamu, kila awamu ikilipwa kabla kazi yake haijaanza, na tukaandika mapema namna mtu atakavyotoka na nani atakuwa na haki ya kwanza ya kununua hisa zake. Leo nakiri kwamba wale wawili walituokoa: kazi ilisimama mara mbili, na mara zote mbili hatukuwa na benki ya kulipa.

Kabla ya mchoro wowote tulimlipa mhandisi aikague nyumba, pamoja na mwashi mmoja mzee ambaye amekulia katika kazi ya chokaa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilikuwa imeanguka wakati likikarabatiwa na kuua watu wawili, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kubishana kuhusu gharama ya ukaguzi. Yule mzee alipanda hadi ghorofa ya pili, akasimama chini ya dari ya chumba kilichokuwa kimepakwa rangi nzuri ya samli, akaomba bisibisi. Aliichoma boriti pale inapoingia ukutani, na bisibisi ikazama mpaka mpini bila ya yeye kutumia nguvu. "Hii si boriti tena, mwanangu," akasema, huku unga wa kahawia ukimwagikia kofia yake, "hii ni ugoro."

Sababu ilikuwa vyoo. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na kuta zake, zenye unene wa nusu mita na zaidi, hunywa maji na kuyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Waliofanya hoteli miaka ile waliweka choo katika kila chumba, wakapitisha mabomba ndani ya kuta, na ukuta ulipoanza kulowa wakaufunika kwa lipu ya saruji ili usionekane. Maji yakakosa pa kutokea, yakaenda kwenye vichwa vya boriti. Chumba kilichokuwa na rangi nzuri kuliko vyote ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote.

Michoro yetu ya kwanza ilirudishwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, nasi tulikasirika, ingawa tulistahili. Tuliomba vyumba 14, lifti, na bwawa dogo juu ya paa, katika mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Msanifu wetu alitukalisha chini akatuonyesha kwamba chumba cha nyumba hizi ni kirefu na chembamba, upana wake kiasi cha mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Ukitaka chumba kipana unakata ukuta unaobeba nyumba, na ukitaka lifti unakata boriti za sakafu mbili kwa pamoja. Tukabaki na vyumba tisa. Vyoo vyote vilihamishiwa nyuma, kimoja juu ya kingine, juu ya sakafu za zege zilizosimama kwa nguzo zao wenyewe, na mabomba yakawekwa nje ya ukuta mahali ambapo uvujaji utaonekana siku ile ile.

Chokaa tuliiloweka katika shimo uani, ikakaa miezi mitatu hadi ikawa nzito kama mtindi. Lori haliingii vichochoroni, hivyo mawe na mchanga viliingia kwa gari za mkono, alfajiri, kabla watu hawajajaa njiani. Siku nilipokuwa mazikoni Makunduchi, mkandarasi tuliyemwajiri kwa awamu ya pili alipiga lipu ya saruji ukuta mzima wa nyuma, akidai chokaa inachelewa kukauka. Tulimlipa kazi aliyokwisha kuifanya vizuri, tukaachana naye, na mafundi walitumia wiki tatu kuubandua ule ukuta kwa tindo.

Tulifungua mwaka 2023, baada ya masika kupita juu ya paa jipya bila ya tone kuingia ndani. Gawio la kwanza limelipwa mwaka jana, dogo. Mwalimu alitaka kutoka ili asomeshe mjukuu, na hisa zake zilinunuliwa na wawili kati yetu kwa utaratibu ule tulioandika mwanzo, katika kikao kisichozidi saa moja. Katika mkutano wa mwaka huu mwenzetu wa Muscat aliibua tena suala la lifti. Nikamfungulia mchoro wa boriti kwenye simu, akaguna, tukaingia kwenye ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa bei ya mashuka.