Nilivyogeuza slaidi zangu kuwa video ya benchi la kliniki

Jumanne ni siku ya kliniki ya kisukari kwenye kituo cha afya ninachofanyia kazi, wilayani Muheza. Saa moja asubuhi benchi limeshajaa. Wengi wametoka vijijini alfajiri, hawajatia kitu mdomoni kwa sababu ya kipimo cha sukari, na wanakaa pale wakitazama runinga iliyotundikwa ukutani.

Mimi nina slaidi 14 za kutunza miguu, ambazo nimekuwa nikifundishia mara moja kwa mwezi kwa projekta ya kuazima. Aliyechelewa gari siku hiyo amekosa somo. Na aliyekosa somo ndiye ninayemwona miezi baadaye na kidonda kilichoanzia kwenye mchubuko wa kandambili, mchubuko ambao hakuusikia kwa kuwa nyayo zimeshakufa ganzi. Jambo hilo limeniumiza miaka mingi. Ndipo nikaamua slaidi zile, pamoja na sauti yangu, ziingie kwenye runinga ile.

Nilianza na kompyuta ya ofisini, yenye PowerPoint ya 2010, programu ninayotengenezea slaidi. Nikarekodi, nikatengeneza video, nikaiweka kwenye flashi, nikaenda nayo kwenye runinga. Runinga ikaandika kwamba haiwezi kufungua faili. PowerPoint ya 2010 inatoa video ya aina ya WMV tu, na runinga yetu haiielewi. Inataka MP4. Muuguzi mwenzangu akaniazima kompyuta yake yenye PowerPoint ya 2016, ambayo inatoa MP4 yenyewe. Kwa hiyo kabla hujahangaika na lolote, weka video yoyote ya MP4 kwenye flashi ujaribu kama runinga yako inaicheza.

Slaidi zangu za zamani zilikuwa na umbo la karibu mraba, 4:3, na kwenye runinga zingeacha mapande meusi kulia na kushoto. Nikazibadilisha kuwa 16:9, umbo pana la runinga, kisha nikasogeza maandishi na picha zote mbali na kingo, maana runinga nyingi hukata kidogo pembezoni. Maneno nayo niliyapunguza sana. Slaidi iliyokuwa na mistari tisa ikabaki na picha ya unyayo na maneno mawili: “Kagua kila siku.” Mengine yote nitayasema kwa mdomo.

Kurekodi nilikufanya nyumbani usiku, chumbani, mlango umefungwa, shuka nzito juu ya dirisha, feni imezimwa. Kwa joto la Tanga si jambo dogo kuzima feni, lakini mvumo wake unaingia kwenye rekodi yote na ni vigumu kuutoa baadaye. Kipaza sauti kilikuwa kile cha kwenye waya wa hedifoni za simu. Nilikishika upande wa shavu, chini kidogo ya mdomo, kwa sababu kikiwa mbele kabisa kila “p” na “b” inapiga kama kofi.

Unapobonyeza Record Slide Show, programu inahifadhi sauti ya kila slaidi peke yake, pamoja na muda uliokaa kwenye slaidi hiyo. Hapo ndipo nilipopata nafuu kubwa. Slaidi ya tano niliiharibu mara nne, nikawa narudi hapo hapo na kuirekodi yenyewe bila kugusa zile nyingine. Lakini jihadhari na pale slaidi moja inapoipisha nyingine: katika sekunde hiyo sauti hairekodiwi. Mara ya kwanza nilikuwa naongea mfululizo huku nabonyeza, na nilipozisikiliza nikakuta “Usiloweke miguu kwenye maji ya moto” imekuwa “loweke miguu kwenye maji ya moto”. Nilishtuka. Kwa mgonjwa asiyesikia joto kwa nyayo, silabi zile mbili zilizokatika zinaweza kumuunguza. Tangu hapo utaratibu wangu ni mmoja: namaliza sentensi, nanyamaza, nabonyeza, nasubiri picha itulie, ndipo naanza tena.

Kutoa video ni kuingia File, kisha Export, kisha Create a Video. Pale kuna sehemu ya kuchagua kama itumie muda na sauti ulizorekodi. Nilipitiwa, nikapata video bubu ya dakika 1 na sekunde 10, yaani slaidi 14 kila moja sekunde tano, kwa kuwa ndivyo programu inavyofanya ikiambiwa isitumie rekodi. Nikarudia, safari hii nikichagua rekodi zangu, kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080. Acha kompyuta kwenye umeme ifanye kazi polepole, usiifunge katikati.

Jumanne iliyofuata nikaiwasha, nikakaa mwisho wa benchi. Karibu yangu alikuwa bibi mmoja anayetibiwa kwetu kwa muda mrefu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu.” Akaitazama runinga kidogo. “Huyu ni wewe?”

“Ni mimi, bibi.”

“Mbona unakimbia? Ukija mwenyewe huwa unatusubiri.”

Kweli kabisa. Nikiwa mbele yao huwa naona nyuso, najua nani hajaelewa, narudia. Chumbani usiku nilikuwa nasoma tu nimalize. Nikarekodi upya slaidi zote 14, na safari hii nikabandika juu ya kompyuta karatasi yenye majina ya wagonjwa watatu, nikawa naongea na hao. Video iliyokuwa ya dakika sita ikawa ya dakika tisa. Kwenye slaidi ya saba, baada ya kusema “Sasa vua kiatu, tazama katikati ya vidole,” nilinyamaza sekunde kumi nzima bila kubonyeza chochote. Kimya nacho kinarekodiwa.

Ndugu za wagonjwa wakaanza kuiomba kwenye simu. Nilitoa nakala nyingine ndogo, 852 kwa 480, kwa ajili ya bando zao. WhatsApp huibana video hadi maandishi yanafifia, kwa hiyo naituma kama hati, na inafika ilivyo.

Leo video inajirudia yenyewe tangu saa moja hadi daktari anapomaliza. Wiki iliyopita ilipofika slaidi ya saba, mzee mmoja aliinama akavua raba, akavua na soksi, akapanua vidole kimoja kimoja kwa gumba lake. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho palikuwa pamechanika, pabichi, hapajafika urefu wa punje ya mchele. Alikuwa hajui. Tulimsafisha asubuhi ile ile.