Volti zimetulia, masizi yamepungua

Namba za mita zimeacha kucheza! Seli yangu ya mafuta (fuel cell), ile ya kauri inayogeuza mafuta kuwa umeme ikiwa moto sana, inakaa kwenye volti 0.72 ikiwa na mzigo, tanuri likiwa nyuzi 750, na kinacholishwa humo ni enguli, pombe kali ya kienyeji ya Uganda, iliyotokana na molasi kutoka Busoga, si hidrojeni ya mtungi.

Aliyenitesa muda wote ni tone. Nalisha kwa dripu ya duka la dawa (pampu ya sindano ni nzuri, ila bei yake ni ya kukomoana). Kila tone lilipogonga mrija wa moto, volti ziliruka, kisha zikaporomoka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji 100, kwa hiyo yenyewe hutangulia, maji yakachelewa, na kwa sekunde chache anodi, upande wa seli wenye nikeli unaopokea mafuta, inapokea ethanoli kavu. Nikeli ya moto haina huruma na hiyo: inaivunja na kubaki na kaboni. Nikifungua nakuta masizi mepesi, meusi ti, yameziba mrija kabla hata ya kufika kwenye seli, maana chuma cha pua nacho kina nikeli.

Nimebadilisha mrija, sasa ni wa alumina, kauri isiyo na nikeli, na mdomoni nimeshindilia sufi ya kauri, ile ya kukinga joto la tanuri. Tone linanyonywa, mvuke unatoka mfululizo, maji na ethanoli pamoja. Basi!

Na acheni kuhangaikia spiriti ya asilimia 95. Molekuli 1 ya ethanoli inataka 3 za maji ili yote iishie hidrojeni na kaboni dioksidi. Enguli ya asilimia 45 kwa ujazo ina zaidi ya 4. Kwa nini ulipie kuondoa maji utakayoyarudisha mwenyewe? Nissan walipoonyesha gari la seli hizi Brazil mwaka 2016, walitaja pia ethanoli iliyochanganywa na maji.

Ratiba yangu ilisema sasa nipake anodi ya shaba na seria (oksidi ya seriamu) badala ya nikeli, ili kukwepa masizi. Nimeiweka kando. Kuna shida kubwa zaidi, tanuri ni la umeme: umeme ukikatika, ulishaji ukisimama, hewa inaingia, nikeli inarudi kuwa oksidi, inavimba, zirkonia, tabaka la kauri la katikati ya seli, inapasuka. Fundi wangu wa Katwe, Kampala, akauliza, "Ssebo (bwana), mbona tanuri usilipashe kwa enguli hiyo hiyo?" Tena gesi inayotoka kwenye seli bado ina hidrojeni na monoksidi ya kaboni, naitupa bure. Sasa naunda banaa, kichomeo cha kupasha tanuri. Aliyewahi kutengeneza ya spiriti isiyozimwa na upepo anipe kipimo cha tundu.