Nilikuwa napanda basi

Wiki nzima nayasikia maneno haya ya mama, na sauti yake haikuwa hata na hasira.

"Mama, unasahau vidonge kama mtoto?"

"Sikusahau."

"Sasa?"

"Nilikuwa napanda basi."

Akanyamaza, akajifunika kanga.

Harusi ya Hemedi imepita salama, lakini mimi bado niko chumba cha wageni Jumapili alfajiri, nimeshika kifundo cha mguu wa mama. Nilikibonyeza kwa dole gumba, nikaachia, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Usiku kucha alilalia mito mitatu akisingizia joto. Nikafungua kibegi chake. Vile vya kukojoza, furosemidi ya miligramu 40, kimoja kila asubuhi, vilizidi vinne. Ndipo nikaropoka hilo la "kama mtoto", tena wifi amesimama mlangoni.

Sasa nahesabu mwenyewe. Tiketi nilimkatia mimi: basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Tanga, kiti cha dirishani, eti apate upepo. Kidonge kile akikimeza alfajiri, saa moja haiishi kimeshaanza kazi, na hakimwachi mpaka mchana. Yaani mama wa miaka 68 awe anaruka magoti ya watu toka Muheza mpaka Chalinze, anambembeleza konda asimamishe gari akachimbe dawa kichakani. Jumatano akaacha kwa tahadhari, Alhamisi kwa safari, Ijumaa na Jumamosi kwa sababu nyumba ya harusi ina choo kimoja na shangazi kumi na wawili. Pilau nalo na chumvi yake, tusiseme. Dawa ya kukojoza alipewa. Ya kuchimba, hakuna aliyemfikiria.

Daktari wa Jumatatu hakufoka. Alimwambia moyo unaosukumana na presha miaka mingi hujaa misuli kama mkono wa mpagazi, halafu siku moja huchoka, hutanuka, na maji yanaanza kutuama mapafuni na miguuni. "Saa ya dawa tunaisogeza, bibi, dozi haturuki. Siku ya safari meza ukishafika, ilimradi isiwe usiku." Dakika moja tu ya maneno. Na mimi miaka miwili napiga simu kila asubuhi, "umekunywa?", sijawahi kuuliza anakunywa saa ngapi na choo kiko wapi.

Wakamchoma sindano ya dawa ileile. Safari ya kwanza chooni nilimsindikiza kwa huruma, ya pili kwa mbio. Ya tano alitoka anajifunga kanga vizuri, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili: "Leo nimechimba dawa yote niliyodaiwa Segera." Nesi alicheka mpaka akakaa. Nami nikacheka, machozi yakanitoka, nikasingizia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

Jana mzani umeonyesha kilo tatu pungufu, na viatu vya harusini vinamwingia. Samahani sijamwomba bado. Nimemnunulia ndoo yenye mfuniko aiweke karibu na kitanda. Ameipokea, akauliza bei.

Halafu mwanangu Salma karudi kutoka shule leo bila sweta, la tatu hili tangu Januari. Namuuliza liko wapi, anasema hajui, na anaangalia chini.