Mzinga utauona, lakini tazama deviti

Picha ya meli mpya ya walinzi wa pwani ikitoka, macho ya wengi hukimbilia mzinga ulioko omo, yaani mbele ya chombo. Mimi huanza na ubavu, kwenye deviti, ile mikono ya chuma ya kushushia boti.

Chukua Argus, meli ya kwanza ya aina ya Heritage ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, iliyoteremshwa majini Oktoba 2023 huko Panama City, Florida. Urefu mita 110, upana mita 16, mzinga wa milimita 57, mwendo noti 22 na ushei (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Noti 22 si mbio. Boti ya magendo yenye injini tatu nne za nje itaiacha mchana kweupe. Meli hii imeundwa kukaa baharini: siku 60 kwa safari moja, na maili za baharini 10,200 ikitembea noti 14.

Ukiongeza mwendo, mafuta yanakwenda. Kwa makadirio ya haraka, mafuta yanayochomwa kwa kila maili hupanda kwa mraba wa kasi. 22 gawanya kwa 14 ni kama 1.57, mraba wake unakaribia 2.5. Zile maili 10,200 zinabaki kama 4,000. Na kujikokota nako kuna gharama: dizeli kubwa ikizunguka muda mrefu bila mzigo haichomi mafuta vizuri, masizi yanajaa kwenye njia za moshi. Ndiyo maana Argus imewekewa pia mota za umeme za mwendo wa polepole.

Mbio ni kazi ya helikopta na boti. Helikopta huona na kufuatilia. Boti ndiyo hupeleka askari wa ukaguzi. Boti ziko tatu, kila moja haifiki mita 8 na hupita noti 40.

Kuzishusha ndiko kwenye kazi. Nahodha hupunguza mwendo hadi noti chache, bila kusimama, na kuielekeza meli ili upande wa boti uwe demani, uliokingwa na upepo, si joshini, unakotoka upepo. Kabla haijagusa maji, kamba ya omo ya boti huwa imefungwa mbele kwenye meli. Ikielea, kulabu ya tezi, yaani ya nyuma, huachiwa kwanza, kisha ya omo, mwisho kamba. Ukianza na ya omo, maji yanaipiga pua, boti inakaa mkingamo huku tezi bado imening'inia, na hapo kupinduka ni jambo la sekunde. Kurudi ni kinyume: kamba, omo, tezi. Hatari nyingine ni wimbi linalokimbia chini ya boti iliyokwisha kushikwa kulabu: uzito wote unadondokea waya kwa ghafla. Winchi nzuri, mashine ya kuvutia waya, hulegeza na kukaza yenyewe kufuata wimbi.

Argus inatakiwa kufanya haya, na kurusha helikopta, hata bahari ikiwa daraja la 5, yaani mawimbi ya mita 2.5 hadi 4. Ni sharti gumu. Mwaka 2023 wakaguzi wa GAO, ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi ya serikali, walilalamika kwamba deviti hiyo haijathibitishwa ilhali meli zilishaanza kuundwa. Mimi nawaelewa: kubadilisha deviti baada ya bamba kuchomelewa ni kufumua sitaha, nyaya na mabomba.

MV Doria, meli ya walinzi wa pwani wa Kenya iliyoundwa Bangladesh, ina urefu wa kama mita 54, nusu ya Argus. Umbo fupi huyumba zaidi wimbi likiwa lile lile, kwa hiyo msimu wa kusi siku za kushusha boti kwa usalama hupungua mapema, hata kama rada imeshaiona meli ya wavuvi haramu na mafuta bado yapo tele.