Siku moja maishani mwangu: mtaalamu wa mazoezi tiba, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri niko Kimara kwenye foleni ya mwendokasi. Saa 2 nimeshavaa koti.

Wa kwanza ni fundi cherehani wa Kariakoo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vidole hivi vimekufa ganzi, watu wanasema presha."

Ananionyesha kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Hapo najua pa kutazama: kiwiko. Neva ya alna, mshipa wa fahamu wa vidole hivyo, hupita nyuma yake, kwenye kijia chembamba, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo ile ukijigonga unapigwa shoti hadi kidoleni. Ukikunja mkono inavutika na kijia kinabana. Naye anakunja kutwa, tena ameegemea ukingo wa meza. Nampa karatasi aibane kwa gumba na kidole cha shahada, kisha naivuta. Ncha ya gumba inajikunja kuing'ang'ania. Misuli imeanza kulegea.

Kumwambia fundi apumzike miezi miwili ni kumfukuza tu, maana kodi ya fremu haipumziki. Kwa hiyo tunazungumzia meza yake: sponji ukingoni, kiti kiinuliwe kidogo, anyooshe mikono kila akimaliza nguo. Usiku afunge taulo kiwikoni asilale amekikunja.

Saa 5, dereva wa daladala, kiwiko cha kulia dirishani kutoka Mbagala hadi mjini. Ganzi inakuja na kuondoka. Akikitoa dirishani mapema hivi, ana nafuu kubwa mbele yake.

Saa 6, mama lishe anayesukuma chapati. Kwake hakuna ganzi, maumivu yako upande wa nje wa kiwiko. Ni kano, kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, na mazoezi yake ni mengine.

Saa 8, kijana wa gereji. Nyama kati ya gumba na shahada imebonyea, vidole viwili vimeanza kujikunja. Mwaka mzima amekuwa akichuliwa mafuta. Inaniuma sana. Ni neva ile ile. Ikiharibika huota upya kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni mbali. Misuli haisubiri milele. Namwandikia rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Saa 10 nampigia fundi mkuu wake. Tunabishana kidogo, halafu anakubali: kijana atapokea magari na kuandika kazi mpaka daktari wa upasuaji amwone. Spana watashika wenzake.