Gari ina rikoli, spea hamna: nilivyowabana mpaka wakatengeneza

Nianze na hili, ushauri niliopewa kuhusu gari yangu yenye rikoli (yaani kampuni imetangaza ina kasoro ya kutengenezwa bure) ulikuwa wa hovyo karibu wote. Mmoja kazini kaniambia uza tu, mwingine kasema achana nayo mbona inatembea, na shemeji yangu, ambaye kaendesha lori miaka mingi na kwa hiyo ni mwanasheria pia, akasema twende pale tukawapigie kelele, hawa watu wanaogopa kelele. Hamna hata mmoja aliyenitajia tarehe wala karatasi, na hivyo viwili ndo vilivyofanya kazi.

Iko hivi. Sisi tuko Texas, gari niliichukua ikiwa imeshatumika ila warranti ya kiwanda ilikuwa bado inaishi. Ikaja barua ya kampuni iliyoitengeneza kwamba kuna rikoli ya usalama, pampu ya mafuta inaweza kufa na injini ikazima ukiwa mwendoni. Halafu huko chini wameandika spea bado hazijapatikana, tutakujulisha. Yaani unaambiwa gari inaweza kukuzimikia katikati ya haiwei na malori yako nyuma, afu hapo hapo unaambiwa tulia.

Nikapiga simu kwa dila, yaani wakala anayeuza na kutengeneza magari ya kampuni hiyo, wakaniambia usiilete, hatuna pampu. Nikapiga tena baadaye, usiilete. Ndo shemeji akasema basi twende. Jamaa kavaa shati la harusini, kafika kaunta anaongea Kiingereza cha kibabe, anataka meneja, meneja katoka na tabasamu mpaka masikioni, katupa kahawa, katupa maji, kasikiliza yote huku anatikisa kichwa kwa huruma, katusindikiza hadi mlangoni. Njiani shemeji anajisifu "umeona walivyoogopa?" Nikamuuliza shem, tumetoka na nini mkononi? Kimya. Tumetoka na kahawa. Hakuna aliyeandika chochote, kwenye kompyuta yao sisi hatujawahi kufika pale.

Aliyenifungua macho ni wakili mmoja, maongezi ya kwanza hakunitoza. Kumbe sheria ya usalama wa magari ya Marekani, ile ya 1966, inaipa kampuni njia tatu: itengeneze bure, ikupe gari nyingine inayolingana, au ikurudishie hela ya manunuzi ikitoa uchakavu. Wao siku zote wanachagua kutengeneza. Lakini wakishindwa kutengeneza ndani ya muda wa kueleweka wanatakiwa waje kwenye hizo mbili zingine, na zikipita siku 60 tangu ULIPOIPELEKA gari bila kurekebishwa, hiyo peke yake inahesabika kama ushahidi kuwa wamechelewa mpaka wao waonyeshe vinginevyo. Tangu ulipoipeleka, sio tangu ulipopiga simu. Sasa unaelewa kwa nini kila ukipiga wanakwambia usiilete? Sisemi wanafanya makusudi, ila mi nimeacha kuamini bahati.

Wakili akaniambia pia kitu ambacho watu wengi wanakikosea, eti "nitawashtaki kwa sheria ya rikoli". Haiendi hivyo. Mahakama zimeshasema mtu binafsi hawezi kushtaki kwa sheria hiyo, anayeisimamia ni serikali kupitia NHTSA, shirika lake la usalama barabarani. Wewe unatumia sheria zingine: ile ya warranti ya 1975, ambayo ukishinda kampuni inaweza kuamriwa kumlipa wakili wako (ndo maana wengine wanakubali kesi bila kukuchaji mwanzoni), au sheria ya Texas ya kumlinda mlaji, hiyo inataka uwape notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kushtaki. Kwa kesi ndogo kuna mahakama ya JP (Justice of the Peace, ile ya madai madogo), inasikiliza mpaka dola 20,000. Lemon law, ile sheria ya gari bovu, watu wanaitaja sana ila kwa Texas ile ya kurudishiwa hela ni ya gari mpya, mambo ya miezi 24 au maili 24,000 za mwanzo. Gari iliyotumika kama yangu yenye warranti ya kiwanda unaweza kulalamika TxDMV, idara ya magari ya Texas, kampuni iamriwe kutengeneza, ada ni dola 35.

Sasa njoo kwenye ujanja wangu, na hapa naomba nijisifu kidogo. Nikabuku kubadilisha oili. Oili tu! Hiyo hawawezi kukukatalia. Nafika kaunta, kijana anajaza karatasi ya kazi, anauliza kuna tatizo lingine lolote? Nikamwambia ndio kaka, andika hapo mteja ameleta gari kwa ajili ya rikoli namba fulani, anaomba itengenezwe. Akasema hiyo spea hatuna. Nikamwambia sawa kabisa, andika na hiyo. Akanitazama, akaandika. Karatasi ikatoka na tarehe, maili, namba ya chasisi zote 17, ombi langu na jibu lao, nembo ya dila juu. Nilitoka pale na oili mpya na ushahidi kwa bei ya oili.

Siku 60 zilipopita nikaandika barua fupi tu, bila matusi, nikaituma kwa rejista yenye mtu kusaini, sio kwa dila jamani, kwa kampuni yenyewe, anwani iko kwenye kitabu cha warranti. Nikabandika kopi ya ile karatasi, nikataja siku 60, nikasema nataka gari irekebishwe au hela yangu, na katikati ya hapo nataka gari ya kukodi kwa gharama zao. Hiyo ya kukodi sheria haiwalazimishi, lakini wengi wanatoa ukiomba, tatizo hawakwambii. Malalamiko mengine nikajaza NHTSA kwenye intaneti, ni bure, hawatakutengenezea gari ila malalamiko yakijaa wanaweza kufungua uchunguzi.

Barua ilivyosainiwa tu, ghafla nina mtu wangu maalum kwenye kampuni, ana jina, ananipigia yeye. Gari ya kukodi wakalipa. Na ile pampu isiyopatikana dunia nzima ikapatikana. Wakaniletea na karatasi nisaini kuwa sitadai tena chochote, nikampelekea wakili, akasema usisaini, kutengenezewa rikoli hakuna masharti. Sikusaini na gari wakatengeneza vile vile.

Kama ulishabadilisha hicho kifaa kwa hela yako kabla ya barua kuja tafuta risiti, wanatakiwa wawe na utaratibu wa kukurudishia. Na ukinunua gari iliyotumika angalia chasisi yake mwenyewe kwenye tovuti ya NHTSA, maana sheria ya taifa haimkatazi dila kukuuzia gari iliyotumika yenye rikoli isiyotengenezwa. Ya shemeji nimeiangalia, ina rikoli mbili na imepita miaka 15 tangu inunuliwe mara ya kwanza, hapo sheria haiwabani tena kutengeneza bure. Nimemwambia awapigie aombe tu kwa upole, wengine bado wanafanya. Anasema ataenda mwenyewe.